Viza ilikataliwa, Mama akaninunia: maandalizi yangu ya kula bata Ulaya kwa basi

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeolewa kimya kimya, wengine kama nimefunga ofisi. Hapana jamani, nipo Sinza palepale, kope na kucha kama kawaida. Ila miezi hii nimekuwa kwenye shughuli moja ambayo nilidhani ni ya wiki mbili, kumbe ni ya nusu mwaka. Nampeleka Mama Ulaya. Siyo kwa ndugu, siyo kwa mchumba wa mtandaoni. Tunakwenda kutalii kwa basi, nchi 7 kwa siku 11, na muongoza watalii mbele kashika mwavuli. Tunaondoka baada ya wiki 3.

Kabla hamjanipongeza, someni mpaka mwisho, maana kuna aibu ndani yake na nataka niiseme mwenyewe.

Ilianza na picha. Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, wa filamu, jina kapuni. Mwaka juzi alitupia picha za Paris, baadaye za Amsterdam, baadaye yupo kwenye theluji na miwani ya jua, baadaye yupo Roma anakula aiskrimu. Miezi minne mfululizo! Watu tukajua mwenzetu kahamia huko, kapata mzungu, kula bata ndiyo kazi yake. Mimi nikawa nazihifadhi zile picha kwenye simu kama mtu anayekusanya risiti.

Siku moja Mama alikuwa kwangu, nikamwonyesha ile ya mtoni, nyuma kuna kilima na kasri. Nikamwambia ni Ujerumani. Mama akavaa miwani, akasogeza simu mbali, akasema, "Huo ni mto Rhine."

Ikabidi nicheke. Mama amefundisha jiografia sekondari miaka 34 kule Morogoro. Kwa waliosoma jiografia ya kwetu mnaelewa: mto Rhine, viwanda vya Ruhr, Uholanzi walivyokausha bahari wakapata mashamba, utalii wa Uswisi. Mama alikuwa anaichora Rhine ubaoni bila kuangalia kitabu, inashuka kutoka milima ya Alpi kule Uswisi, inapita Ujerumani, inaishia Uholanzi kwenye Bahari ya Kaskazini. Kachora mara ngapi sijui. Ila maishani mwake hajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Hata Nairobi hajafika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaamua nampeleka.

KOSA LANGU LA KWANZA

Mimi ni mtu wa mjini, nikaenda kimjini mjini. Nikampata kaka mmoja anayejiita msimamizi wa viza. Anaongea haraka, ana simu tatu. Akaangalia taarifa yangu ya benki akasikitika kama daktari. Akaniambia, "Dada, hii akaunti haijashiba. Tuishibishe." Maana yake nikope hela, niingize, zikae wiki mbili, nichapishe taarifa, nizirudishe.

Nikakopa kwa mashoga zangu wanne na kwenye kikoba. Milioni 9 zikaingia ndani ya siku 3 kwenye akaunti ambayo kwa kawaida inaingiza laki 1, laki 2, na kutoka hivyohivyo. Kwenye fomu nikaandika mimi ndiye mdhamini wa safari ya Mama. Mama akasaini alipoambiwa asaini. Aliniuliza swali moja tu, "Kila kitu kiko sawa, mwanangu?" Nikasema, "Kiko sawa, Mama."

Pasipoti zikarudi mwezi Mei. Nilifungulia bahasha kwenye bajaji. Tumekataliwa wote wawili. Ile karatasi ina orodha ya sababu na visanduku vya kutia alama, na vyetu vilikuwa vimetiwa alama kwenye uwezo wa kujikimu na kwenye mashaka kama kweli tutarudi nyumbani. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, kama robo milioni kila mmoja, na ukikataliwa hairudi. Yule kaka wa simu tatu hakupokea hata moja.

Ila hela haikuniuma kama kumwambia Mama.

Nilimwambia jikoni, anachambua mchele. Nikajaribu kuzunguka, nikamlaumu yule kaka, nikalaumu ubalozi. Mama akaendelea kuchambua tu. Nilipofika kwenye zile milioni 9, mkono ukasimama. Akasema polepole, "Miaka 34 nimetoa watoto wa watu kwenye chumba cha mtihani kwa kuchungulia. Wewe umenichungulizia mimi, na jina langu liko juu ya karatasi."

Hakunipigia kelele, bora angepiga. Kesho yake akapanda basi la Morogoro. Wiki mbili nikipiga simu anapokea, "Shikamoo Mama," "Marahaba, hujambo," halafu anasema ana kazi.

DADA WA PICHA AKAKAA KWENYE KITI CHANGU

Sasa, mjini ni padogo. Yule dada wa filamu akaja kwangu kubandika kope, ana harusi ya mtu jioni. Mimi uso umevimba kwa kulia. Akaniuliza, nikamwaga yote.

Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikataliwa mara ya kwanza kwa mchezo huohuo. Wale watu kazi yao ni kusoma taarifa za benki. Hela iliyoingia juzi wanaiona kama wewe unavyoona wigi lililobandikwa vibaya."

Halafu akaniambia kilichonimaliza nguvu. Zile picha za miezi minne zote ni za safari moja ya basi. Siku 9. Alikuwa anabadilisha nguo chooni, anapiga picha nyingi kila kituo, anazitoa kidogo kidogo. Paris alikaa siku moja na nusu. Roma aliumwa miguu mpaka akashinda hotelini nusu siku. Mzungu hakuwepo. Na ile safari alilipa kwa mkopo ambao alikuja kuumaliza miezi mingi baadaye.

"Lakini nilifurahia," akasema. "Ningefurahia zaidi kama nisingekuwa naogopa deni." Akalipa, akaongeza ya soda, akaondoka.

Jumamosi ile nikaenda Morogoro. Sikupeleka zawadi. Nilimwomba Mama msamaha nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka. Alikaa kimya, halafu akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani kuna barua ya pensheni, hati ya nyumba na kitabu chake cha benki. Akasema, "Mimi si mzigo wa kudhaminiwa. Nina kiinua mgongo changu. Tunaomba upya, kila mtu na hela yake, kila karatasi ya kweli. Wakikataa, wamekataa watu waaminifu."

NILICHOJIFUNZA MARA YA PILI

Hapa chukueni kalamu, maana haya nimeyalipia.

Viza moja ya Schengen inakuingiza nchi 29 za Ulaya, unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza hiyohiyo inatosha. Uingereza haimo kabisa. Ukiona tangazo la basi linaloanzia London, jua unahitaji viza mbili tofauti, na bei ya tangazo haikwambii hilo.

Unaombea wapi? Watu wengi wanakosea hapa. Huombi nchi ambayo ndege inatua, unaomba nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ndege yetu inatua Paris, ila ratiba yetu ni Ufaransa usiku 2, Uholanzi 1, Ujerumani 1, Uswisi 2, Italia 4. Kwa hiyo tuliomba Italia. Kama usiku ungelingana ndipo ungeenda kwa nchi unayoingia kwanza.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na kurasa 2 tupu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Msingoje mwisho. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini wakitaka kuchunguza zaidi linaweza kufika siku 45.

Mimi nilipeleka taarifa ya benki ya miezi 6 kama ilivyo, na umaskini wake wote, leseni ya biashara, karatasi za kodi, mkataba wa fremu. Mama akapeleka yale ya bahasha ya kaki. Nikaandika barua fupi ya maelezo, na nikataja wazi kwamba tumewahi kukataliwa na kwa nini. Mkono ulikuwa unatetemeka. Tarehe ya basi tuliisogeza kutoka Juni kwenda Septemba, tukalipa faini ya kubadilisha, maana amana yenyewe hairudi. Soma masharti kabla hujalipa, tafadhali.

Halafu bima. Schengen wanataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayojumuisha na kusafirishwa kurudi nyumbani. Mama alisoma masharti yote, mstari kwa mstari, kama anasahihisha. Akafika mahali akanyanyua uso.

"Hapa wanasema hata nikifa wananirudisha?"

Nikasema, "Ndiyo Mama, ila jamani..."

"Basi vizuri. Sina wasiwasi tena. Twende."

Nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia. Mama ana presha, na ana miaka 63. Kama na wewe unampeleka mzazi, itaje presha kwenye fomu ya bima. Ukificha, siku ukiihitaji ndiyo siku utakayojua kwamba hukuwa na bima.

Julai pasipoti zikarudi. Safari hii sikufungua kwenye bajaji. Nilipeleka bahasha zote mbili kwa Mama, akafungua yeye. Aliangalia ile stika muda mrefu. Akasema tu, "Unaona?" Nikasema, "Nimeona, Mama." Tukala wali.

HESABU HALISI

Tangazo lilisema nchi 7. Kweli ni 7, ila moja ni kupita Ubelgiji kwa masaa machache, na nyingine ni Vatican ambayo unaingia kwa miguu ukitokea Roma. Sisemi ni uongo. Nasema hesabu usiku, usihesabu bendera.

Bei ya tangazo pia ni ya watu wawili chumba kimoja. Ukienda peke yako unaongezewa hela ya chumba. Na ndani ya bei kuna basi, hoteli, chai ya asubuhi na muongozaji. Vingine vinaitwa vya hiari: kupanda mnara wa Eiffel, boti ya Rhine, gondola za Venice, kupanda mlima Titlis kwa kebo, na vyakula vya jioni kadhaa. Ukivijumlisha vyote unaweza kuzimia. Ongeza kodi ya jiji ambayo hoteli za Italia zinadai kwa kila mtu kila usiku, na bahasha ya kumshukuru dereva na muongozaji mwishoni.

Mimi na Mama tukakaa na karatasi. Nikamwambia, "Eiffel lazima." Akaniuliza, "Lazima kwa nani?" Nikakosa jibu. Nilichokuwa nataka pale ni picha. Mnara wenyewe una mita 330, chini unauona wote bila kulipa. Ukiwa juu hata hauuoni, uko juu yake. Tukaufuta. Gondola tukaifuta. Tukabakiza vitu viwili: boti ya Rhine, na Titlis, ambao una mita 3,238 na theluji hata kiangazi. Mama anasema Kilimanjaro yetu ina 5,895 kwa hiyo haendi kushangaa urefu, anakwenda kushika theluji tu. Daktari wake ametukubalia baada ya kumpima, na katuandikia barua ya dawa zake. Dawa zinakaa kwenye boksi zake, kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linaweza kwenda Istanbul peke yake.

BASI LA KWAO SI LA MIKOANI

Nilidhani najua mabasi. Nimepanda Dar mpaka Mwanza, nini tena? Kumbe huko dereva akiendesha masaa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, na kuna kifaa kwenye basi kinarekodi. Kwa siku ni masaa 9 ya kuendesha, mara mbili kwa wiki anaruhusiwa 10. Hata abiria wote mpige magoti, haongezi. Ndiyo maana ukichelewa dakika 20 unaharibu ratiba ya watu 40 siku nzima, na muongozaji haogopi kukuacha ukajitafutia treni.

Kuchimba dawa ni kwa kulipia. Vituo vingi vya barabara kuu Ujerumani unaweka sarafu ndipo kigeti kinafunguka. Hakuna habari ya "suka, simamisha hapo kwenye kichaka." Kwa hiyo sarafu za euro zisiishe mfukoni. Uswisi wana faranga zao. Euro sehemu za watalii mara nyingi wanapokea, ila chenji wanakupa faranga.

Kitu kingine ni saa. Ratiba ikisema 7:30, siyo saa saba na nusu ya kwetu, ni saa moja na nusu asubuhi! Nimeirudia ratiba nzima kwa mkono, kila saa nimeiandika Kiswahili, nimembandikia Mama kwenye daftari. Septemba wao wako nyuma yetu saa moja tu, kwa hiyo mashangazi wakipiga simu saa 2 usiku sisi ni saa 1.

Viti vinazungushwa kila siku ili kila mtu apate mbele na dirishani. Mama ameshaniambia siku ya Uholanzi dirisha ni lake, hata kama ni zamu yangu. Anataka kuona ile ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari. Ameniambia mwaka waliofunga bahari kwa ule ukuta mkubwa, 1932, bila kuangalia popote.

MIGUU NA BEGI

Basi linakufikisha mjini, mji unautembea. Mawe ya barabara za Roma hayataki ndala wala visigino. Kwa hiyo kila siku saa 12 asubuhi mimi na Mama tunatoka Sinza mpaka Mwenge na kurudi. Wiki ya kwanza aliishia njiani, tukarudi na bajaji. Sasa ananiacha. Viatu vyake vipya vimeshachakaa kidogo, ndivyo inavyotakiwa, kiatu kipya usikifungulie Ulaya.

Begi ni moja kila mtu, maana kila hoteli unashusha na kupandisha. Makoti tumenunua mtumba Karume, langu elfu 15, la Mama elfu 12 kwa sababu alimbana muuzaji mpaka akamwita mwalimu. Adapta za umeme, kwa sababu plagi zetu za miguu 3 haziingii kule, wanatumia miguu 2 ya duara. Khanga mbili, maana kanisani Vatican mabega na magoti lazima yafunikwe, na khanga inafunika kuliko chochote. Na pochi ya ndani ya nguo. Vibaka wa Paris wamesoma kuliko wa Kariakoo. Mtu akikukimbilia kukufunga kamba ya bangili mkononi kule Montmartre, kaza mkono, tembea.

Ndivyo tulivyo mpaka leo, wadau. Sijafika. Inawezekana mvua ikanyesha siku 11 zote, inawezekana nikagombana na Mama kabla ya Ubelgiji. Nikirudi nitasema ukweli wote, na picha nitazitoa kwa siku 11 zilezile, sitazivuta miezi minne.

Jana usiku nimemkuta Mama mezani na penseli, anachora kwenye daftari la ratiba. Nilijua ni nini kabla sijasogea. Ameweka alama mahali ambapo boti yetu itapita, na pembeni ameandika saa. Kiswahili.

Haya niambieni, na msijitie aibu: kama tiketi ni mbili tu, wewe ungeenda na nani? Na je, yeye angekubali karatasi zako?